Kongamano la mashabiki Kyela? Ngojeni niwape historia kidogo

Najua nimepotea. Testi zilitubana mfululizo, halafu kulikuwa na ile kazi ya kikundi ambayo kama kawaida wanafanya watu wanne na kusaini watu kumi. Sasa tumepumua kidogo. Leo sina umbea wa hosteli wala habari za bumu kuchelewa, nina jambo moja ambalo limezua ubishi mkubwa kati yangu na washkaji zangu wawili wa nyumbani, na nimeona nilimwage hapa ili nanyi mtoe maoni.

Jambo lenyewe ni hili. Likizo ndefu inakuja, na sisi watatu tuna wazo la kuandaa kongamano la mashabiki kule Kyela. Sisemei tamasha la jukwaani ambapo msanii anaimba nyimbo tatu anaondoka. Nasemea siku ambayo wapenzi wa ngoma, muziki, vichekesho, katuni na filamu fupi wanakutana na wale wanaovitengeneza, halafu hao wanaotengeneza wanafundishwa kutumia intaneti: kufungua akaunti iliyo yao wenyewe, kupandisha kazi, kulinda jina na hata kulipwa.

Mshkaji wa kwanza akasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu watu wanalima mpunga na kakao, nani atakuja?" Wa pili akasema wazo ni zuri ila haliwezekani bila mfadhili, mgeni rasmi na hoteli yenye ukumbi. Mimi nasoma ualimu, somo langu la kufundishia ni Historia, kwa hiyo nikawaambia tusibishane kwa hisia, twende kwenye historia tuone wenzetu walianzaje. Nimekaa maktaba siku kadhaa. Nilichokipata kinawajibu wote wawili, na kwa kweli hata mimi sikutegemea kwamba jibu zuri zaidi lingetoka ng'ambo ya mto Songwe, hatua chache tu kutoka kwetu.

Tuanze na huko kwa Wazungu, maana ndiko mshkaji wangu anakosemea.

Tarehe 2 hadi 4 Julai 1939, wapenzi wa hadithi za sayansi ya kubuni walikutana jijini New York kwa mkutano walioupa jina kubwa kabisa, mkutano wa dunia. Ukisikia dunia unafikiri ni uwanja mzima. Walikuwa kama watu 200 hivi, wengi vijana, na baadhi yao hata ndevu hazijakomaa. Hawa walikuwa wasomaji wa magazeti ya bei rahisi ambao walianza kuandikiana barua, kisha wakawa wanachapa vijarida vyao kwa mashine za kurudufu na kutumiana kwa posta. Yaani walijuana kwa maandishi kabla hawajaonana sura.

Kati ya waliofika alikuwepo kijana wa miaka 18 kutoka Los Angeles aitwaye Ray Bradbury. Alikuwa akiuza magazeti mtaani, na nauli ya basi kuvuka Marekani nzima alikopa kwa shabiki mwenzake, Forrest Ackerman. Wakati huo hakuwa ameuza hadithi hata moja kwa gazeti la kulipa. Baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa karne ile. Huyo Ackerman naye alikuja amevaa mavazi ya mtu wa wakati ujao, yaliyoshonwa na rafiki yake Myrtle Douglas, na ndio watu wanahesabu kwamba ule mtindo wa mashabiki kuvaa kama wahusika ulianzia hapo.

Msidhani kila kitu kilikuwa shwari lakini. Waandaaji waligombana na kundi jingine la mashabiki, wakawazuia mlangoni wenzao sita wasiingie. Yaani mkutano wa kwanza kabisa, na tayari kuna watu wamefungiwa nje! Hili naomba mliweke akilini, nitalirudia.

Twende 1970, San Diego, California. Hapa ndipo lilipozaliwa lile kongamano la katuni ambalo leo linajulikana dunia nzima. Shel Dorf na vijana aliokuwa nao hawakuanza na kishindo. Tarehe 21 Machi 1970 walifanya mkutano mdogo wa siku moja tu, hata watu 200 hawakufika, kwa lengo la kupima maji na kukusanya pesa kidogo. Agosti mwaka huohuo wakafanya wa siku tatu, wakaja kama watu 300. Basi. Ndio mwanzo wa kitu ambacho siku hizi kinajaza mji.

Miaka mitano baadaye, tarehe 21 Desemba 1975, vijana wa Tokyo walianzisha soko lao la katuni wanaloliita Comiket. Siku ya kwanza kulikuwa na vikundi 32 vilivyoleta vijitabu walivyovichora na kuvichapa wenyewe, na watu kama 700 walihudhuria. Kuna jambo moja la hawa Wajapani nimelipenda mno. Kwao hakuna mtu anayeitwa mteja. Anayeuza ni mshiriki, anayenunua ni mshiriki, na anayepanga viti ni mshiriki. Wote wamekuja kulijenga soko, hakuna aliyekuja kuhudumiwa tu.

Mpaka hapo intaneti haipo. Inaingia vizuri mwaka 2010. Ndugu wawili wa Kimarekani, Hank na John Green, walikuwa wanatengeneza video YouTube wakizungumza wao kwa wao, na watazamaji wakawa wanafuatilia kama familia. Julai 2010 waliwaita watu hotelini Los Angeles, wakaja kama 1,400, na kusanyiko wakaliita VidCon. Kadiri lilivyokua walitengeneza milango mitatu: mmoja wa mashabiki, mmoja wa wanaotengeneza au wanaotaka kuanza kutengeneza, na mmoja wa watu wa biashara. Ule mlango wa katikati ndio hasa tunaouwaza sisi. Unaingia hujui taa iwekwe wapi wala sauti isafishwe vipi, unakaa na mtu aliyeanza mwaka mmoja kabla yako, anakuonesha. Na aliyekuwa shabiki mwaka huu, mwakani unamkuta anafundisha.

Afrika Mashariki nako mambo haya yapo. Nairobi wana kusanyiko lao la wapenzi wa katuni, NAICCON, lililoanza miaka ya 2010. Kwa hiyo hadi hapa mshkaji wangu wa pili amepata jibu lake. San Diego haikuanza na ukumbi uliojaa, na Tokyo walianza na vikundi 32. Yule wa kwanza ndiye bado ananikazia macho: "Sawa, lakini si bado ni mambo yao?"

Hapo sasa ndipo ninapomrudisha ziwani.

Septemba 1914 Vita ya Kwanza ya Dunia ilifika kwetu mapema kabisa. Wajerumani walitoka Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, wakashuka, wakavuka Songwe, na tarehe 9 Septemba wakapigana na Waingereza Karonga. Vita ile ilizoa watu wa pande zote mbili za mto, wengine wakiwa askari na wengine wapagazi. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule ni watu wanaosikilizana lugha, kwa hiyo kile kilichopita upande mmoja kilifika na upande wa pili.

Pamoja na mabaya yote, vita ilisambaza ngoma ya Beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975. Beni ilianzia miji ya pwani, kama Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana waliiga bendi za kijeshi, wakajipa vyeo, kuna kingi, kuna jenerali, kuna daktari, wakashona sare na kushindana mtaa kwa mtaa. Askari na wapagazi waliibeba hadi bara, na vita ilipoisha wakarudi nayo vijijini kwao.

Kando ya ziwa letu ilizaa watoto. Kusini zaidi, Mbinga na Nyasa, wanayo mganda. Upande wa Malawi, enzi hizo Nyasaland, wanayo malipenga. Malipenga ni vibuyu vilivyotobolewa na kuwekwa utando mwembamba, ukivumisha sauti ndani yake vinalia kama tarumbeta. Maskini hakuwa na pesa ya tarumbeta ya shaba, basi akailima shambani! Wachezaji wanavaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wanapiga kwata kwa mistari iliyonyooka, na kila kundi, wenyewe wanaliita boma, lina viongozi wake wenye vyeo.

Sasa angalieni namna mikutano yao ilivyokwenda. Kijiji kimoja kinaalika boma la kijiji kingine. Wageni wanakuja, mara nyingine kwa mtumbwi, wanapikiwa, wanalazwa, wanacheza, na wenyeji nao wanacheza. Wanaotazama wanajua kila hatua, wanashangilia na kuzomea, na wengi wao walishacheza au wanasubiri zamu yao. Mwaka unaofuata wenyeji wanakuwa wageni. Wimbo mpya, mshono mpya wa sare, namna mpya ya kugeuka, vyote vinahama kwa njia hiyo. Hakuna aliyekwenda chuo kujifunza malipenga. Mtu alijifunza kwa kualikwa.

Ukiliangalia kwa makini, hili ndilo lile wazo la Tokyo la 1975, hakuna mteja, wote washiriki. Tofauti ni kwamba huku ziwani lilikuwa linafanyika miaka mingi kabla ya ile ya Tokyo kuanza. Kwa hiyo ukiniambia kusanyiko la mashabiki ni la Wazungu nitakuuliza, babu zetu waliokuwa wanaalikana ng'ambo na ng'ambo walikuwa wanafanya nini? Na sisi Kyela tunayo ling'oma yetu mpaka leo, ngoma kubwa zile zinazokung'utwa mpaka kifua kinatikisika, kijiji hiki na kijiji kile, na watu wanabishana mwezi mzima nani alizidi.

Baada ya ngoma ikaja redio. Wale mliokua miaka ya nyuma au mna wazazi wanaosimulia mtakumbuka kadi za salamu. Mtu ananunua kadi, anaandika majina ya anaowasalimu, anaituma redioni, mtangazaji anaisoma. Wapenzi wa salamu walijipa majina ya utani, wakajuana hewani bila kuonana, wakaunda vyama na kuanza kutembeleana kwenye harusi na misiba. Ni habari ileile ya wale wa New York na barua zao! Watu wanajuana kwanza kwa chombo fulani, halafu wanatafutana ana kwa ana.

Ndio sasa tunafika kwenye intaneti yenyewe, Tanzania. Nani alimfundisha nani?

Septemba 2005 kulikuwa na mkutano mkubwa wa kimataifa Helsinki, Finland, na Rais Mkapa alihudhuria. Muhidin Issa Michuzi alikuwepo kama mpiga picha wa magazeti ya serikali. Alikuwepo pia Ndesanjo Macha, ambaye mwaka 2004 alikuwa ameanzisha blogu ya Kiswahili aliyoiita Jikomboe, na kila alipopata nafasi alikuwa akiwahimiza Watanzania wengine waanze kuandika mtandaoni kwa lugha yao. Huko Helsinki, pembeni ya mkutano wa wakubwa, Ndesanjo alimsaidia Michuzi kufungua blogu yake. Wote mnajua kilichofuata. Ile ikawa mojawapo ya kurasa za Kitanzania zilizosomwa kuliko zote, hasa na ndugu zetu walioko nje.

Hebu tulitafakari hilo. Sijakuta mahali panaposema somo lile lilikuwa kwenye ratiba ya mkutano. Halikuwa na cheti wala posho. Ni mtu mmoja aliyejua, akakaa na mwenzake mwenye picha nzuri, akamwonesha. Mwaka 2006 wanablogu wa Kitanzania wakaunda jumuiya yao, JUMUWATA, na mkutano wao walifanyia hukohuko mtandaoni kwa sababu walikuwa wametawanyika duniani.

Ila kuna upande mwingine wa historia hii ambao huwa tunausahau tukianza kushangilia. Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kupata leseni: shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni ya kuanzia, na 1,000,000 kila mwaka. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Wengi walifunga kurasa zao. Waziri wa habari na sanaa kipindi hicho alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wetu wa Kyela. Sitaki kuingia siasa hapa. Ninachosema ni kwamba mambo ya intaneti hayako mbali na Kyela kama tunavyodhani. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020 na zimerekebishwa tena baadaye, lakini mbunifu wa kijijini nani amemwambia ipi inamhusu na ipi haimhusu? Hajui, kwa hiyo ama anaogopa kila kitu au haogopi chochote, na vyote viwili vina hatari.

Na kuna kichekesho kingine. Mkongo wa taifa wa mawasiliano, ule ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita kwetu hadi mpaka wa Kasumulu kuelekea Malawi. Waya wa intaneti unapita kwenye mpunga wetu! Sisi tunausikia ukipita kama tunavyosikia lori la mizigo usiku.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma kiasi cha kukosa usingizi.

Mnaujua mchele wa Kyela. Nenda soko lolote Dar, uliza, muuzaji atakuambia ni wa Kyela, hata kama gunia limetoka mkoa mwingine kabisa. Jina la Kyela linauza, lakini anayelitumia si lazima awe amekanyaga Kyela, na mkulima wa Ipinda hapati hata shilingi kwa jina lake kutumika. Haya, njoo kwenye vyungu. Akina mama wa Kikisi kule Ikombe wanafinyanga vyungu ambavyo wengi wetu tumekulia navyo. Vinapakiwa kwenye mitumbwi, vinauzwa mnadani Lyulilo pale Matema, vinakwenda Kyela mjini, Tukuyu hadi Mbeya. Wageni wanaokuja ufukweni wanavipiga picha. Picha inasambaa na chungu kinasifiwa, ila mama aliyekifinyanga hatajwi popote.

Na ling'oma hivyohivyo. Likizo iliyopita nilioneshwa video ya kundi moja la kwetu, imepandishwa na mtu wa mjini ambaye alikuja siku moja na kamera. Watazamaji kibao, pongezi kibao. Jina la kundi halipo. Jina la kijiji limekosewa. Mzee anayeongoza lile kundi aliitazama kwenye simu yangu mara tatu, akacheka akijiona, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wote wanaotazama wanajua ni sisi?" Nikamwambia hapana, baba. Akanyamaza. Hakuuliza habari ya pesa hata kidogo, aliuliza kama wanajulikana.

Ndio maana nasema hili si suala la kujifurahisha. Tukisubiri, ngoma itakuwa kama mchele, itaimbwa jina lake kila mahali na wenyewe hawapo. Tangu Februari 2018 YouTube imeweka sharti kwamba ili upate mgao wa matangazo uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kundi moja la kijiji peke yake litahangaika kufika huko. Lakini makundi kumi yenye chaneli moja ya pamoja, yenye mashabiki wanaofahamiana kutoka Kasumulu hadi Matema, hapo mnaongea lugha nyingine. Kwa sensa ya 2022 wilaya yetu ina watu zaidi ya 250,000. Hebu toa wasio na simu, toa wasiopenda ngoma, bado wanabaki wengi tu. Na hapo hujahesabu Wanyakyusa walioko Dar, Mbeya, Afrika Kusini na kwingineko ambao wakisikia ile ngoma kubwa machozi yanawalenga.

Basi, kutokana na historia yote hii, pendekezo langu kwa washkaji zangu wawili, na kwenu wote, ni hili.

Kwanza, tuanze na siku moja. San Diego walianza na siku moja, na sisi hatuwazidi pesa. Jumamosi, Matema, kwa sababu Jumamosi kuna mnada Lyulilo na watu watakuwa wamefika tayari na mitumbwi yao. Hatuhitaji kumsafirisha mtu.

Pili, hakuna mgeni rasmi. Hapa najua nitagombana na wengi. Lakini sote tumekaa kwenye semina ambazo mgeni rasmi amechelewa saa tatu, akahutubia saa moja, na kilichobaki ni soda na picha ya pamoja. Boma la malipenga halikusubiri mkuu wa wilaya ili liwafundishe wenyeji wimbo mpya. Watakaofundisha wawe mashabiki wenyewe: yule kijana wa pale stendi anayehariri video za harusi kwa simu, yule dada anayeuza vitenge kwa WhatsApp na hajawahi kutapeliwa, na sisi wanafunzi ambao angalau bando tunajua kulitumia. Mmoja akae na wawili au watatu, simu mkononi, mpaka waweze.

Tatu, tufundishe mambo machache yenye faida. Akaunti iwe ya kundi, na nywila ijulikane na viongozi wasiopungua wawili, maana kijana mmoja akienda zake Dar na nywila, kundi limekwisha. Kila video itaje jina la kundi, la kijiji na la mwaka. Mtu wa nje akija na kamera kuwe na makubaliano, hata ya karatasi moja. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, kwa hiyo mtu aambiwe haki yake kwa Kiswahili cha kawaida. Kanuni za maudhui nazo zielezwe, ili watu wajue wanasimama wapi. Na nakala za kazi zihifadhiwe nje ya mtandao pia, kwenye kadi na kwenye flashi. Mnakumbuka tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Aliyekuwa na kila kitu mtandaoni tu alikaa mikono mitupu.

Nne, tusifungie mtu mlangoni. Wale sita wa New York mnawakumbuka? Kwetu watakaofungiwa bila hata sisi kujua ni akina mama wa vyungu, kwa sababu mtu akisikia mambo ya intaneti anafikiria vijana wa kiume wenye simu kubwa. Na wengine ni majirani zetu wa Karonga. Historia ya ngoma zetu haikuishia mtoni, kwa hiyo na mwaliko usiishie mtoni. Lakini suala la mpaka na vibali tulipange mapema, tusije tukaanza siku yetu polisi.

Tano, na hili nimelichukua kwa babu zetu moja kwa moja: atakayealikwa mwaka huu ndiye mwenyeji mwakani. Matema ikianza, Ipinda ipokee, kisha Kasumulu, kisha nani ajuaye. Tukifanya hivyo kusanyiko halitakuwa mali ya wanafunzi watatu waliokuja likizo. Tukimaliza chuo na kupangiwa shule huko Kigoma au Lindi, litaendelea bila sisi.

Gharama? Turubai, maji, betri za kuchajia simu, bando, na chakula. Wenyeji wa malipenga waliwalisha wageni wao bila mfadhili yeyote. Mchele tunao, tena huu ni wa Kyela wa ukweli, na samaki ziwani wapo. Hapo mfadhili wa nini?

Nimeshawatumia washkaji wangu maandishi haya. Yule wa kwanza amenijibu kwa neno moja tu, "Endelea." Yule wa pili bado anang'ang'ania mgeni rasmi, lakini ameshaanza kuulizia bei ya turubai, kwa hiyo naona tunaelekea pazuri.

Sasa wadau, mpira kwenu. Hasa nyie wa Kyela, Rungwe na Ludewa: makundi gani ya ngoma mnayajua ambayo bado yapo hai? Nani ana mzee anayekumbuka enzi za kualikana na watu wa ng'ambo, ili nimfuate kabla ya likizo kwisha? Na kama unajua kuhariri video hata kwa simu ya kawaida, jiandikishe mapema, hakuna posho ila wali na samaki utakula.

Naomba kuwasilisha.